Mwanamume wa Ukoo, Mwenye Kitambulisho

Majengo, Pumwani
14 Machi 2022

Kwa mdogo wangu Aden,

Assalamu alaikum. Ni matumaini yangu barua hii imekukuta huko Isiolo ukiwa mzima, pamoja na wifi yangu na Iqra wetu. Sisi huku hatujambo, ukiacha magoti yangu ambayo siku hizi yana serikali yao na hayapokei amri. Mwanangu Sabrin amehamia mtaa wa Pipeline, ghorofa ya saba. Lifti ipo, lakini ni ile ya kwenye picha ya tangazo. Dirisha la jikoni kwake limebanana na la jirani kiasi kwamba jirani akikata vitunguu, anayelia ni Sabrin. Anakusalimu sana.

Utashangaa kupata karatasi katika dunia hii ya simu. Nimempa Ambaro, yule mama anayeleta maziwa ya ngamia Eastleigh. Mitungi yake mitupu ikirudi huko, barua iko juu yake. Ikinuka maziwa usinilaumu. Simu yangu imeibwa sokoni Gikomba, mkono wangu mmoja ukiwa kwenye kitambaa na mwingine kwenye bei. Na kitambulisho nilikuwa nimekiweka wapi? Ndani ya kava la simu, kama kila mtu mwenye akili hapa Nairobi. Mwizi mmoja, mara moja, kaondoka na simu na uraia.

Nikaenda kurudisha laini. Kijana wa duka akaniambia, "Mathe, bila ID siwezi ku-renew line." Nikamwambia ID yenyewe imeibwa pamoja na simu. Akasema, "Usijali mathe, ID ikikuwa ready watakutumia message." Kwenye simu gani? "Si kwa line yako?" Nikamshukuru, maana ubishi mwingine ni wa kumwachia Mungu.

Simu ya Truphena, jirani yangu wa kibanda anayeshona sare za shule, ninaweza kuazima. Lakini imekufa sikio, inasema kwa spika tu, na mambo ya nyumbani kwetu sitaki yasikilizwe na soko zima.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Uchaguzi ni tarehe tisa Agosti. Unamjua Mheshimiwa wetu wa wadi. Choo cha umma karibu na kibanda changu kimefungwa tangu aingie. Alichofanya ni kukipaka rangi na kuchoresha uso wake mlangoni, kwa hiyo mtu mwenye haja anakuja, anatazamana naye, anaondoka. Nimeapa mbele ya Truphena kwamba safari hii atasikia kura yangu. Jina langu limo kwenye sajili ya wapiga kura, mwili wangu uko Majengo. Kilichokosekana ni kitambulisho.

Nimekwenda polisi, nikapewa ile karatasi ya kupotelewa. Nimekwenda kwa chifu. Kisha ofisi ya vitambulisho. Mlinzi wa getini ananiambia, "Mama, acha ID hapa ndio uingie." Nikamwambia nimekuja kwa sababu sina ID. Akanitazama kwa huruma kubwa. "Naelewa mama. Lakini acha ID." Ikabidi Truphena aache yake, tukaingia sote wawili kwa kadi moja.

Gordon, mumewe Truphena, mstaafu wa reli, naye alipoteza chake wiki hiyohiyo. Karani wa dirishani, Bwana Opicho, alimpiga picha, akamchukua alama za vidole, akamwambia arudi mwezi ujao kukichukua. Mimi alisoma jina, akatazama mtandio wangu, akasema kwa upole, "Yako itapitia kwa kamati." Nipigwe msasa kwanza, yaani nihojiwe kama kweli ni raia. Na kamati imesema: niende na mwanamume wa ukoo, mwenye kitambulisho, aje kwa miguu yake aseme ananijua. Sabrin hawamtaki, ni mwanamke. Baba hayupo. Mume wangu hayupo. Nimebaki na wewe.

Kamati hukaa kila Alhamisi. Panda basi la usiku, asubuhi unywe chai na mahamri hapa kwangu, useme maneno matatu, "Huyu ni dada," kisha urudi. Sikuombi kingine.

Dada yako,
Batulo


Isiolo
9 Aprili 2022

Dada Batulo,

YAH: KUPOTEA KWA KITAMBULISHO CHAKO

Ramadhani Karim. Mimi na familia tu wazima na tunakuombea saumu njema. Mama Iqra anakusalimu. Iqra ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa amekataa kusoma kwa sauti darasani. Barua yako ya tarehe 14 Machi ilipokelewa ikiwa na unyevu, nikaianika, ndiyo sababu ya kuchelewa kwa majibu haya.

Awali ya yote pokea pole zangu. Baada ya hapo, nikiwa karani wa serikali wa muda mrefu, napenda kukuhakikishia kwamba utaratibu ni mzuri na umefikiriwa. Tatizo la wananchi wengi ni kufika ofisini wakiwa na haraka, na haraka haraka haina baraka. Hakikisha una nakala ya kitambulisho kilichopotea, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba na, ikiwezekana, cheti cha kuzaliwa cha babu. Vaa nadhifu. Usibishane na dirisha.

Kuhusu ombi lako la kufika kwangu mbele ya kamati, limepokelewa na linashughulikiwa. Ujue kwamba hapa ofisini nafasi ya karani mkuu iko wazi na jina langu limetajwa. Kuomba ruhusa wakati kama huu si jambo la busara.

Nakutakia kila la heri katika juhudi zako.

Wako,
A. Mumin

Nakala: Faili


Majengo
5 Mei 2022

Mdogo wangu Aden,

Idd Mubarak. Tulisali salama, tukala salama. Sabrin alishuka ghorofa zote na sufuria la pilau kichwani, na namshukuru Mungu kwamba ni pilau iliyofika wala si habari zake. Mpe Iqra hongera ya meno. Mwambie asome tu hivyohivyo, shangazi yake anasoma na miwani iliyofungwa uzi.

Barua yako nilimpa Truphena anisomee. Alipofika penye "linashughulikiwa" akashusha karatasi akauliza, "Batulo, huyu ni ndugu yako ama ni kanjo wa kaunti?" Nikamwambia ni ndugu yangu, ila amekaa serikalini mpaka imemwingia mifupani.

Unataka nakala ya kitambulisho kilichopotea. Nilikuwa nayo, Aden. Ilikuwa picha ndani ya ile simu. Na cheti cha babu nitakitoa wapi? Babu alizaliwa kambini, mama yake akiwa njiani na mifugo, na karani wa mzungu hakuwepo kushuhudia. Mnataka marehemu afufuke apige picha?

Mbele ya kamati nimeshafika. Unajua mwenyekiti ni nani? Mzee Awale. Ndiyo, Awale huyuhuyu wetu, anayenunua kikoi kwangu kila Idd, aliyesimamia mazishi ya mume wangu. Amenunuliwa miwani mipya kwa kazi hii. Akaniuliza, "Jina?"

"Mzee Awale, ni mimi."

"Jina."

"Batulo Mumin."

"Umezaliwa wapi?"

"Pumwani, hospitali ile pale. Ukisimama dirishani unaliona paa."

Akasimama kweli, akalitazama paa, akakaa. "Paa si ushahidi," akasema, na katibu akaandika kwamba paa si ushahidi. Kisha wakaniuliza mwanamume wa ukoo yuko wapi. Nikasema yuko Isiolo, anashughulikiwa. Wakaniambia nirudi naye.

Jioni Mzee Awale huyo kibandani kwangu, bila miwani, anachagua kikoi cha sikukuu. "Batulo, mimi na wewe tumetoka mbali, nipunguzie." Nikamwambia, "Mzee, sina hakika kama tunajuana." Akacheka mpaka akakohoa. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi nangoja nione atabakisha nini.

Sasa sikia kichekesho. Kwa kuzunguka ofisi hizi nimekuwa mwalimu. Najua dirisha gani hufunguliwa mapema na siku gani mashine huwa na hasira. Alianza Gordon kuleta mwenzake wa reli, kisha Shiku muuza viatu akamleta mamake. Sasa kuna benchi mbele ya vitambaa vyangu na watu hawaulizi bei ya kitenge, wanauliza, "Mathe, ofisi imefunguliwa?" Alikuja fundi wa sufuria kutoka Shauri Moyo, nyundo na tupa zimemfuta vidole, mashine inamkataa kabisa. Kwa serikali yetu mtu akifanya kazi sana hana alama. Nikamwambia aweke chini nyundo siku kadhaa, apake samli usiku, alale na soksi mikononi. Akaenda, mashine ikamkubali, na kitambulisho kimetoka. Gordon naye amekipata chake, anakitoa mfukoni hata asipoombwa.

Wote wanapata, mimi bado. Mganga hajigangi, Aden. Anahitaji nduguye. Kamati inakaa Alhamisi ijayo, na ile nyingine, na ile nyingine. Chagua.

Dada yako,
Batulo


Majengo
6 Juni 2022

Aden,

Salamu kwa wote. Sisi ni wazima. Ambaro amerudi mara tatu mikono mitupu, nikamuuliza kama bado unaishi Isiolo, akasema alikuona sokoni ukinunua nyama na ukamwamkia vizuri.

Hapa Majengo palikuja hema kubwa la serikali, na muziki, na mtangazaji. "Vitambulisho vimelala ofisini! Njooni mchukue vitambulisho!" Nikasema labda changu kimo. Nikapanga foleni jua kali mpaka mbele. Kijana akatafuta kwenye mashine yake. "Hapa inaonyesha uko kwa kamati, mathe. Lakini usiende mkono mtupu." Akanipa fulana. Imeandikwa kifuani, NINACHO KITAMBULISHO, JE WEWE? Nimeifanya kitambaa cha kufutia vumbi.

Mheshimiwa naye amepita. Ameahidi choo.

Njoo, Aden. Mwezi wa Juni hauna siku nyingi.

Batulo


Isiolo
20 Juni 2022

Dada Batulo,

YAH: MAOMBI YAKO YA MARA KWA MARA

Salamu za heshima. Familia ni wazima. Iqra ameota jino moja, limekaa upande. Barua zako za tarehe 5 Mei na 6 Juni zilipokelewa na kusomwa kwa makini.

Nimefurahi kusikia unasaidia wananchi, ingawa nakushauri uache. Huna idhini. Mtu akipata kitambulisho kwa samli, kesho yakitokea maswali utaulizwa wewe. Pia napenda kukumbusha kwamba kura moja haijawahi kubadilisha choo.

Kuhusu kuja kwangu, mahojiano ya cheo ni wiki ijayo, baada ya hapo kuna ukaguzi, baada ya ukaguzi ni taarifa ya nusu mwaka.

Dada, nimeandika sehemu ya juu mara mbili na kuichana. Sasa naandika bila YAH. Unafikiri ni jambo dogo, basi la usiku na mahamri. Nikisimama pale, Mzee Awale atavaa miwani yake aniulize na mimi: cheti cha babu yako kiko wapi? Atauliza kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Na katibu ataandika. Na kile alichoandika kitatembea, kwa sababu karatasi hutembea, najua, mimi ndiye ninayezitembeza. Nimeona faili la mtu likienda Nairobi likiwa jembamba na kurudi nene. Hapa hakuna anayeniuliza swali hilo. Wanajua tu naitwa Mumin na kwamba nafika kabla ya mfagiaji. Nina mke, nina mtoto. Naogopa, Batulo. Sehemu hii usimsomee mtu.

Wako,
A. Mumin


Majengo
4 Julai 2022

Mdogo wangu,

Assalamu alaikum. Sabrin anatarajia mtoto, alhamdulillahi. Mwezi wa Desemba utakuwa babu. Magoti yangu yamepokea habari hizo vizuri kuliko nilivyotegemea.

Sehemu ile sikumsomea mtu. Nilijifungia nikaisoma mwenyewe, na uzi wa miwani ukakatika, nikamaliza kwa jicho moja. Ndiyo barua ya kwanza uliyoniandikia mwaka huu. Zile nyingine uliliandikia faili.

Hofu naijua. Unafikiri mimi sijui? Ninapoingia pale hutetemeka mpaka bangili zinasema. Miaka sitini na mmoja nimeishi Majengo hii, nimezika watu wetu hapa, halafu mtu niliyemkatia kikoi ananiuliza natoka wapi. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo, nikitafuta alichokiona. Kwa hiyo usinieleze hofu kama vile imeajiriwa huko kwenu tu.

Lakini fikiri. Kamati ikikuuliza, utakuwa na mimi. Mimi ninapoulizwa, sina mtu. Ulipougua surua nilikubeba mgongoni kutoka hapa mpaka Shauri Moyo kwa yule daktari Mhindi, mvua inanyesha, na sikusema kwamba linashughulikiwa. Sikumbushi ili unilipe. Nakumbusha kwa sababu umeanza kunisahau.

Benchi langu limejaa. Juzi nimemsaidia bibi mmoja mjane, hana mtoto, hana ndugu, wa kabila letu hilihili la kupigwa msasa. Nikagundua kwamba kamati ina kanuni: asiye na mwanamume wa ukoo aliye hai anaweza kuletwa na majirani wawili wenye vitambulisho, na anapitishwa siku hiyohiyo. Amepita. Truphena akaniambia, "Si na wewe upitie hapo?" Nilimkaripia. Nilimwambia mimi nina ndugu, na yuko hai, na ni mtu wa serikali. Nilisema kwa sauti, mpaka wateja wakageuka.

Alhamisi ya mwisho ya kupitishwa ili kitambulisho kitoke kabla ya uchaguzi ni tarehe kumi na nne mwezi huu. Bwana Opicho ameniambia mwenyewe, na tangu nianze kumpelekea watu waliopanga karatasi zao vizuri, hunieleza ukweli. Ikipita hiyo, imepita.

Nitakuwa mlangoni tangu asubuhi. Nitakuwekea mahamri.

Dada yako,
Batulo


Isiolo
5 Agosti 2022

Dada Batulo,

YAH: BARUA YA UTHIBITISHO

Natumai Idd ya kuchinja mliimaliza salama. Hongera kwa habari za Sabrin. Samahani kwa kimya. Ukaguzi ulirefuka, kisha Ambaro alikuwa msibani Merti.

Nina furaha kukujulisha kwamba nimethibitishwa kuwa karani mkuu. Nimepewa meza yenye kufuli.

Sikuweza kufika tarehe 14 Julai. Hata hivyo sijalala. Pamoja na hii utapata barua rasmi ya uthibitisho kwa ajili ya kamati, iliyopigwa chapa, yenye sahihi yangu na mihuri mitatu, mmoja wa bluu, miwili ya zambarau. Kwa uzoefu wangu, kamati yoyote ikiona mihuri mitatu huwa haiulizi zaidi. Hii ina nguvu kuliko mtu kusimama.

Mama Iqra anakusalimu. Anauliza kama bado umekasirika. Nimemwambia huna tabia hiyo.

Wako,
A. Mumin
Karani Mkuu

Viambatisho: Kimoja
Nakala: Faili


Majengo
15 Agosti 2022

Kwa Bwana A. Mumin, Karani Mkuu,

Wa alaikum salaam, maana najua ulikusudia kunisalimu. Hongera kwa meza. Sabrin ni mzima, anatapika tu, na dirisha likiwa pale lilipo, jirani amelalamika.

Barua yako na mihuri yake imefika Alhamisi iliyopita, siku mbili baada ya uchaguzi. Ni nzuri kweli. Truphena alisema angepata karatasi kama hiyo angeiweka kwenye fremu. Nimeisoma yote. "Hii ni kuthibitisha kwamba mtajwa, Bi. Batulo Mumin, ni mwananchi ninayemfahamu, mwenye tabia njema." Nikageuza nyuma. Nikarudi mbele. Nilikuwa natafuta neno dada. Nikamwomba Truphena atafute na yeye, nikidhani ni miwani. Mtajwa yupo, mwananchi yupo. Sahihi yako iko chini, na jina lako la pili ni lilelile langu, lakini pengine Isiolo kina Mumin ni wengi.

Sasa nikupe habari zangu, ili faili lako likamilike.

Tarehe kumi na nne Julai nilisimama mlangoni pale tangu asubuhi. Kila basi la Isiolo lililosikika nilinyosha shingo. Truphena na Gordon walikuja kunisindikiza, Gordon kavaa koti lake la reli na joto lile. Adhuhuri wakaniita. Mzee Awale akavaa miwani. "Mwanamume wa ukoo?"

Nikatazama mlango. Mlango ulikuwa mlango tu.

"Una ndugu wa kiume aliye hai?" akauliza.

Nikasema, "Sina."

Mzee Awale aliyekula pilau ya harusi yako na kuomba aongezwe, yeye ndiye aliyekuombea dua ulipopata kazi, akaniangalia juu ya miwani. Nilidhani atasema kitu. Akainama, akamwambia katibu, "Andika, hana."

Wakamwita Gordon. Wakamuuliza anamjuaje huyu mama. Gordon akasimama wima kama anapokea treni. "Mimi naitwa Gordon Ondiek. Huyu ni Batulo. Nimekaa na yeye Pumwani hii tangu nikiwa na nywele. Watoto wangu wamekula kwake, bibi yangu amelala kwake tukikosana. Kama huyu si wa hapa, basi na mimi nionyesheni kwetu nirudi." Truphena alikuwa analia tu, lakini akaandikwa kuwa amekubaliana. Wakanipitisha siku hiyohiyo. Kumbe kuwa peke yako duniani kunaharakisha mambo.

Kitambulisho kilitoka Ijumaa kabla ya uchaguzi. Bwana Opicho alinikabidhi kwa mikono miwili. Jumanne nilidamka kabla ya adhana, nikapanga foleni kwenye uwanja wa shule na nusu ya foleni ilikuwa benchi langu. Fundi wa Shauri Moyo aliinua vidole vyake nivione. Yule bibi mjane aliletewa kiti. Nilipoingia kile chumba cha kadibodi nikashika kalamu, mkono ulitulia kabisa, bangili hazikusema. Nilifurahi, Aden. Nilifurahi mpaka nikasahau kukunja karatasi na msimamizi akanirudisha.

Mheshimiwa ameshinda tena, kwa kura nyingi. Wewe ulisema kura moja haibadilishi choo, na ni kweli, choo kiko vilevile. Lakini asubuhi nikipita pale tukitazamana na ile sura yake mlangoni, najua na yeye hajui kwamba mimi sikumchagua. Hilo ni langu.

Lakini siku ile ya kamati nilipotoka nje niliketi kwenye ngazi nikalia, na watu wakadhani ni furaha. Maisha yangu yote sijasema uongo mbele ya watu. Nilidhani ulimi utanishika, nilidhani neno lile litanikwama kooni. Halikukwama. Lilitoka jepesi, kama jina langu. Hicho ndicho kilichoniliza, na bado kinaniliza nikifunga kibanda.

Na sasa barua yako imefika, naona hata sikukuonea. Tumekubaliana, wewe kwa mihuri mitatu, mimi kwa neno moja. Barua yenyewe nimeirudisha humu ndani, huku haina kazi.

Msalimie wifi. Mwambie ndiyo, bado. Iqra mwambie shangazi yake anampenda na atakuwa wake daima, hilo halihitaji kamati.

Ni mimi, mtajwa hapo juu,
Batulo